Ukurasa Unaosikika: Waliyonifunza Wahitimu wa Usanifu wa Tovuti

Seremala akiulizwa habari za kazi yake hujibu kwa randa, patasi, bawaba na kitasa. Mshonaji hujibu kwa pindo, marinda na mshono. Nahodha wa jahazi ana foromali, tanga, mlingoti na usukani. Kila mmoja wao ana msamiati uliokomaa, na mteja wake, hata asipokuwa fundi, huuelewa kwa kiasi cha kumwezesha kuagiza, kukagua na kulalamika. Fundi wa tovuti hajafika hapo. Huyu ni fundi wa zama zetu, aliyesomea kazi yake miaka miwili au mitatu, anayeijua kwa vidole vyake, ila ukimwomba amweleze mama yake anachokifanya mchana kutwa mbele ya kompyuta, hukuna kichwa na kusema: "Mambo ya mtandao, mama." Msimamo wangu ni kwamba upungufu huu haupaswi kuhesabiwa kuwa wa mapambo. Ni upungufu wa ufundi wenyewe, na upo upande wa pili mtu anayeulipia.

Nasema haya baada ya mihula miwili ya kuwa mshauri wa lugha wa podikasti ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuyasoma maswali kabla hayajaulizwa, kukaa pembeni wakati wa kurekodi, na kuwanong'oneza watangazaji pale mgeni aliposema jambo lisiloeleweka nao wakaitikia kwa kichwa kana kwamba wameelewa. Msimu mzima ulihusu wahitimu wa usanifu wa tovuti. Walikuja wageni 9, baadhi wameajiriwa, wengi wanajitafutia. Sharti lilikuwa moja tu: mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Neno la mkopo liliruhusiwa, maadamu mgeni aliweza kulifafanua akiulizwa. Seva, menyu, fonti na skrini yameshapata uraia katika lugha yetu, wala mimi simo katika kundi la wanaotaka kuyafukuza.

Sharti lilionekana jepesi hadi kinasa sauti kilipowashwa. Kwa dakika kumi za mwanzo, karibu kila mgeni alitoa sentensi ambazo viambishi tu ndivyo vilivyokuwa vya Kiswahili, na katikati yake mzizi wa kigeni umebebwa kama mgonjwa kwenye machela. Mtangazaji wetu, binti wa mwaka wa pili asiyeona haya kuuliza, alikuwa akikatiza kwa upole: "Samahani kaka, hapo umemaanisha nini?" Kisha kikafuata kimya.

Kimya kile kilikuwa cha namna mbili, na kuzitofautisha ndiko kulikonipa faida kubwa kuliko yote ya msimu ule. Kulikuwa na kimya cha mtu anayejua jambo lakini hajawahi kuombwa alivike neno. Huyo ukimpa nusu dakika, hurudi na maelezo mazuri kuliko ya kitabu. Na kulikuwa na kimya cha mtu anayegundua, hapo hapo mbele ya kinasa sauti, kwamba chini ya neno la kigeni hapakuwa na kitu. Alikuwa amelikariri. Chuoni aliliandika kwenye mtihani, akapewa alama, akaendelea na safari.

Mfano wa wazi ulikuwa CSS, ile lugha ya kuipa tovuti sura yake: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi, mpangilio. Håkon Wium Lie, Mnorwe, aliipendekeza mwaka 1994 alipokuwa CERN, na herufi ya kwanza ya jina lake inasimamia neno la Kiingereza lenye picha ya maji yanayoporomoka kutoka jiwe hadi jiwe. Wageni wote walizitaja herufi tatu bila kusita. Tulipouliza kinachoporomoka ni nini, wapo waliorudia neno lile lile la Kiingereza kwa sauti kubwa zaidi. Lakini mmoja alifikiri kidogo, akasema: "Ni amri za nyumbani. Baba ametoa amri kwa nyumba nzima kwamba saa tatu taa zizimwe. Mama akamwambia Juma peke yake, wewe una mtihani, soma hadi saa tano. Kwa Juma linasimama la mama, kwa sababu limemlenga yeye. Wengine wote wako chini ya amri ya baba." Sijaona mahali pengine palipoelezwa kwa ufupi hivyo jinsi kanuni mahsusi inavyoishinda kanuni ya jumla katika ukurasa wa tovuti. Na aliyesema hivyo hakuhitaji istilahi hata moja mpya.

Podikasti yetu haina picha. Ni sanaa ya sikio tupu. Usanifu wa tovuti nao unadhaniwa kuwa sanaa ya jicho. Mwanzoni niliwaambia vijana kwamba wamechagua mada ngumu kwa chombo chao, kwa maana utamwonyeshaje msikilizaji ukurasa asiouona? Ugumu huo ndio uliozaa swali bora la msimu. Kila mgeni aliombwa aueleze ukurasa wake wa karibuni kana kwamba anazungumza kwa simu na mtu ambaye hana namna ya kumtumia picha.

Waliokuwa na sifa za jumla walianguka upesi. "Ni ukurasa mzuri, wa kisasa, unavutia." Sifa hizi hazina mzigo, mtu anaweza kuzitumia kwa gari, kwa harusi au kwa sabuni. Ila mgeni mmoja, aliyetengeneza tovuti ya zahanati, alijibu hivi: "Ukiufungua, kwanza unakutana na jina la zahanati. Chini yake namba ya simu, kubwa, unaigusa inapiga. Kisha saa za kufungua. Picha ya daktari nimeiweka chini kabisa, kwa sababu mtu anayetafuta zahanati saa nane za usiku hatafuti sura ya daktari."

Wapenzi wa ushairi wataona mara moja alichokifanya. Ameupanga ukurasa kwa mfuatano wa haja za mtu, kama mtunzi wa utenzi anavyojua lipi litangulie na lipi lisubiri. Na kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wageni wachache walilijua. Mtu asiyeona, au asiyeona vizuri, hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na programu hiyo huufuata mfuatano ulioandikwa katika msimbo wa ukurasa, haifuati mahali vitu vilipopakwa rangi. Ukurasa unaoelezeka kwa mdomo kwa utaratibu ndio pia unaosomeka kwa programu hiyo kwa utaratibu. Picha isiyoandikiwa maelezo, kwa msikilizaji huyo, hugeuka kuwa jina la faili lisilo na maana, au kimya. Basi zoezi la podikasti, ambalo vijana walilianzisha kwa sababu ya uhaba wa chombo chao, lilikuwa mtihani halisi wa ubora wa kazi.

Hapo tena kuna sharti la mstari mmoja. Kila ukurasa wa tovuti hutakiwa kutaja mwanzoni mwa msimbo wake umeandikwa kwa lugha gani, na alama ya Kiswahili katika orodha ya kimataifa ni herufi mbili: sw. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti unaotolewa na W3C umeliweka sharti hili katika daraja la kwanza, lile linalotimizwa kabla ya mengine yote. Ukisahau, na violezo vingi vinavyopakuliwa bure huja vimeandikwa kwamba lugha ni Kiingereza, ile programu humsomea mzee wa watu habari za Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Maji" haliwi maji tena. Tuliwauliza wahitimu wetu kama tovuti zao za Kiswahili zimetangaza kuwa ni za Kiswahili. Wengine walitoa simu zao mfukoni wakakagua hapo hapo. Sitasema walichokiona; itoshe kwamba wawili waliomba kipindi kisitishwe kidogo.

Niruhusiwe sasa kukaa kwenye kanga, maana ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Katika usanifu wa tovuti, kila kitu kilichomo ukurasani, iwe aya, picha au kitufe, huhesabiwa kuwa kisanduku: katikati yaliyomo, kuyazunguka nafasi ya ndani, kisha mpaka, kisha nafasi ya nje inayokitenga na jirani yake. Wanafunzi wengi huchanganya nafasi ya ndani na ya nje, na kosa hilo ndilo linalozifanya tovuti nyingi kuonekana kama watu waliobanana kwenye daladala. Mgeni mmoja wa kike, aliyekulia Tanga, alisema yeye hajawahi kuchanganya tangu siku alipoitazama kanga ya bibi yake imeanikwa. Kanga ina mji, ndio yaliyomo. Ina pindo, ndio mpaka. Kati ya mji na pindo kuna uwazi wake, ndiyo nafasi ya ndani. Na kanga mbili zikianikwa kwenye kamba moja, hewa iliyo kati yake ndiyo nafasi ya nje, haimo ndani ya kanga yoyote. "Na jina la kanga?" akauliza mtangazaji. "Jina ni maandishi, yana mahali pake maalumu chini ya mji, na yakipotea mahali pake kanga haiuziki."

Nimesikia watu wakilalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za teknolojia. Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, malalamiko hayo yamepata hata siku yake ya mwaka. Ukweli ni kwamba istilahi zipo, na baadhi ni nzuri ajabu. Kupakua ni tendo la jikoni na la bandarini: chakula hupakuliwa kutoka chunguni, shehena hupakuliwa kutoka chomboni, na sasa faili hupakuliwa kutoka mtandaoni. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, kuzunguka majini huku na huku kwa upelelezi. Kikoa, neno tulilolipa anwani ya tovuti, lina maana ya kale ya mlo wa ushirika ambapo kila mmoja huleta kwa zamu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa programu kamili za ofisini kwa Kiswahili. BAKITA ipo tangu 1967. Haiwezekani kusema hatukufanya kitu.

Kinachokosekana ni midomo ya kuyatumia maneno hayo mbele ya mteja. Tulipata tarakilishi, tukapata ngamizi, na watu wakaendelea kununua kompyuta. Neno halikomai kwenye orodha. Hata Kiingereza hakikuumbiwa istilahi zake na malaika. Mfumo alioupendekeza Tim Berners-Lee mwaka 1989, Kiingereza kilikuja kuuita kwa jina la utando wa buibui. Ethan Marcotte, Mmarekani, alipoandika mwaka 2010 kuhusu ukurasa unaojirekebisha kulingana na upana wa skrini, alikopa neno kutoka kwa wasanifu wa majengo. Waingereza na Wamarekani walichukua maneno ya sebuleni, ya zizini na ya jikoni, wakayatumia bila kuomba radhi, nayo yakawa istilahi kwa sababu ya kutumiwa. Yule aliyesema ukurasa unaojirekebisha ni "mkeka unaojikunja wenyewe chumba kikiwa kidogo" alikuwa akifanya kazi ile ile ya Marcotte, ila hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa.

Ipo sehemu ambapo lugha yetu humtaka fundi awe na akili zaidi, na ninasikitika kwamba haifundishwi. Violezo vya tovuti za maduka vimetungwa na watu ambao kwao kivumishi hakibadiliki. Kiolezo huweka neno moja la upya mbele ya bidhaa yoyote na kazi imekwisha. Kwetu kuna ngeli. Kiatu ni kipya, gauni ni jipya, nguo ni mpya, viatu ni vipya. Mfumo wa kompyuta huitambua lugha yetu kuwa na umoja na wingi, basi. Habari za ngeli hauna. Matokeo yake tunayaona kila siku madukani mtandaoni: "viatu mpya", "magauni 3 zimebaki", na lugha iliyovunjika viungo. Watu wa lugha hucheka au hukasirika. Mgeni wetu mmoja alifanya la tatu. Badala ya kuandika ni vingapi vimebaki au yamebaki, aliandika: "Idadi iliyobaki: 3." Idadi iko katika ngeli moja siku zote, bidhaa iwe kiatu, gauni au gari. Na mahali pa kichwa cha bidhaa mpya aliandika: "Dukani leo." Hakuwa mwanaisimu. Alikuwa na sikio, na alikuwa na shangazi mwalimu wa Kiswahili ambaye angemsema.

Tuje kwenye shairi, kwa kuwa hapa ndipo nyumbani. Mshororo wa tarbia wenye mizani 16 una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani 8 kwa 8, na vina vyake, cha kati na cha mwisho. Ukiuandika katika ukurasa wa kawaida wa tovuti, kwenye kompyuta hukaa vizuri. Ukiufungua kwenye simu, na wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, kivinjari huuvunja mstari pale tu nafasi inapoishia. Hakijui kina. Mara nyingi neno moja la mwisho, lile lile lililobeba kina cha mwisho, hushuka peke yake mstari wa chini kama mtoto aliyesahauliwa kituo cha basi. Kina cha kati kinazama katikati ya mstari. Msomaji anayejua kughani hulitafuta shairi kwa jicho asilipate. Fauka ya hayo, HTML hujumlisha nafasi nyingi zinazofuatana kuwa moja, hivyo mtunzi aliyetenganisha vipande kwa kubonyeza nafasi mara tano huona kazi yake yote imefutika.

Watunzi wamelikwepa tatizo hili kwa kupiga picha ya shairi na kuiweka picha. Mimi hilo silikubali. Picha ya shairi haitafutiki, hainakiliki na haisomwi na ile programu ya wasioona. Haikui wala haipungui ukitaka kuongeza ukubwa wa herufi. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu vina hawezi kunukuu humo ila kwa kuandika upya, na kuandika upya ndiko kunakozaa makosa.

Yule dada wa kanga alikuwa na jawabu, na alitueleza bila haraka. Aliandaa ukurasa wa mashairi ya babu yake. Kila kipande alikifunga ndani ya kifungu chake, akaamuru kisivunjike ndani. Skrini ikiwa pana, ukwapi na utao hukaa bega kwa bega. Ikiwa nyembamba, utao hushuka mzima mzima chini ya ukwapi, ukiwa umesogezwa ndani kidogo, ili jicho lijue kwamba huu ni mshororo mmoja uliogawika, haujawa miwili. Ubeti wa mishororo minne huonekana mistari minane, lakini kila mstari unamalizikia kwenye kina. Nilimuuliza alijuaje. Akasema babu yake alimwonyesha daftari la zamani la hati za Kiarabu ambamo vipande vya utenzi vilitenganishwa kwa alama ndogo, akamwambia zile ni za kumwonyesha mghani pa kupumulia. "Nikaona simu nayo inahitaji pa kupumulia." Waandishi wa miswada wa Lamu na Mombasa walikuwa wasanifu wa kurasa, na tatizo lao lilikuwa hili hili: mstari mrefu, karatasi nyembamba, na msomaji atakayeimba.

Nimesema upo mtu anayeulipia upungufu huu. Nimtaje bila jina. Mgeni mmoja alitusimulia habari za mama mshonaji wa Morogoro, mwenye mafundi watatu chini yake, aliyetengenezewa tovuti na mtu mwingine kabla hajakutana naye. Alilipa, akapewa tovuti, akaiandika kwenye kadi zake za biashara na kwenye mifuko ya wateja. Baada ya mwaka tovuti ikatoweka. Aliyemtengenezea hakupokea simu. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili yalikuwemo maneno yaliyosema anwani na hifadhi hulipiwa kila mwaka. Mama hakuyasoma kwa sababu hakuna aliyemsomea.

Mhitimu wetu alipoitwa kurekebisha, hakuanza na kompyuta. Alianza kueleza. "Mama, jina la tovuti ni kama kibao cha duka kilichosajiliwa. Hifadhi ni kama fremu unayopanga pale barabarani. Vyote viwili vina kodi ya mwaka. Usipolipa kodi ya fremu, mwenye fremu anafanya nini?"

"Anafunga, mwanangu."

"Ndivyo walivyofanya."

Mama akakaa kimya, kisha akasema: "Kumbe nilikuwa nimepanga, nami nikadhani nimejenga."

Hakuna istilahi hata moja katika maelezo yale. Kibao, fremu, kodi: maneno ambayo kila mfanyabiashara wa mjini anayajua kabla hajajua kusoma. Mhitimu yule alimwandikia mkataba mpya kwa Kiswahili, nusu ukurasa, wenye tarehe ya kulipa kodi ya kibao na tarehe ya kulipa kodi ya fremu, na mstari unaosema kibao ni mali ya mama na kimeandikishwa kwa jina la mama. Tangu hapo, alituambia, wateja wake wengi hutoka kwa mama huyo. Sishangai. Mtu aliyeelewa anacholipia huwa mpiga debe mwaminifu.

Nasikia jibu linalokuja: Kiingereza ndicho lugha ya kazi hii, msimbo wenyewe ni wa Kiingereza, na mhitimu anayetaka kazi za nje atafanya nini na fremu na kibao? Sina ugomvi na msimbo. Hakuna anayeomba alama za HTML zitafsiriwe, wala hakuna aliyetafsiri nota za muziki ndipo taarabu ikapigwa. Na kuhusu kazi za nje, wageni wawili kati ya tisa walikuwa wakifanya kazi na wateja wa ng'ambo kwa Kiingereza, na ndio hao hao waliojieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili. Sidhani ni sadfa. Anayeelewa jambo hulivusha kutoka lugha moja hadi nyingine. Anayelikariri hubaki nalo katika lugha aliyolikariria, na hata humo hulisema bila kulimiliki.

Kwa hiyo vyuo vinavyofundisha usanifu wa tovuti nchini mwetu vingeweza kufanya jambo dogo lisilohitaji bajeti. Katika mtihani wa mwisho, pamoja na tovuti yenyewe, mwanafunzi aitetee kwa Kiswahili kwa dakika kumi, mbele ya mtu asiye wa fani: karani wa chuo, mama wa kantini, mlinzi wa getini. Mtu huyo ndiye atoe alama za sehemu hiyo. Najua walimu watasema wanafunzi wamesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, na kwamba haitakuwa haki kuwageuzia lugha mwishoni. Nami nauliza ni haki gani iliyomo katika kumpeleka sokoni fundi asiyeweza kuongea na soko.

Sisi wa upande wa lugha tuna deni letu pia, na halilipwi kwa orodha nyingine ya istilahi. Tumezoea kukaa mwisho wa foleni tukiwasubiri mafundi wamalize ili tuwasahihishe ngeli. Katika chumba kile kidogo cha kurekodia nilijikuta nimefungua daftari na ninaandika: amri za nyumbani, mkeka unaojikunja, idadi iliyobaki, kibao na fremu. Nimefundisha ushairi miaka mingi, na sikuwa nimetegemea kwamba nitajaza kurasa tano za daftari kwa semi za watu wa kompyuta.

Msimu ujao vijana wanataka kuwahoji wanaotengeneza programu za simu za kutumia fedha. Swali la kwanza wameshaliandika: "Dada, au kaka, hebu tueleze kwa sikio kinachotokea kati ya mtu kubonyeza na hela kufika." Mgeni wa kwanza waliyempigia simu aliomba apewe wiki moja ya kufikiri.